Chùa Hương kwa siku moja kutoka Hanoi: mashua, ngazi, chakula na swala

BintiChake

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Nitakuwa Hanoi siku tano kwa mafunzo ya kazi, na bi mkubwa wangu, yaani mama, anafuatana nami. Ana miaka 64, mzima wa afya ila magoti yanamsumbua. Tuna siku moja wazi, Jumatano au Jumamosi, na tunataka kwenda Chùa Hương, ile pagoda ya pangoni inayofikiwa kwa mashua. Mawakala wote wanaandika mambo yaleyale: mashua, ngazi kidogo, chakula cha mchana, basi. Mimi nataka undani wake. Tuondoke saa ngapi? Ngazi ni kiasi gani hasa, na kebo (vile vigari vinavyoning'inia kwenye waya) inapunguza nini? Tutakula nini sisi Waislamu, na tutaswali wapi? Na mtu ambaye hakwenda kuabudu akae vipi pale asiwavunjie heshima wenyewe?

Tarehe bado haijathibitishwa: ama katikati ya Novemba, ama mwisho wa Februari.

MtembezaWatu

Wa alaykum salaam dada. Kama hiari ni yako, chagua Novemba, na iwe Jumatano. Tarehe ndiyo inayoamua mengine yote uliyouliza.

Msimu wa ziara hufunguliwa siku ya 6 ya mwezi wa kwanza wa kalenda yao, yaani siku tano baada ya Tết, mwaka mpya wao, na huendelea mpaka mwezi wa tatu. Wiki za mwanzo, hasa Jumamosi na Jumapili, watu huingia kwa makumi ya maelfu kwa siku. Chukua umati wa Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, uubane kwenye ngazi za mawe ambazo wapandao na washukao wanapishana njia moja, ndiyo hali yenyewe. Foleni ya kebo tu inaweza kula saa mbili. Kwa mtu mwenye magoti mabaya, kusimama namna hiyo kunaumiza kuliko kupanda.

Jingine ni hewa. Februari kwetu Zanzibar ni kaskazi, joto tupu. Kaskazini mwa Vietnam wakati huohuo kuna baridi ya nyuzi 15 mpaka 20 na rasharasha isiyokatika, inayolowesha mawe siku nzima. Mawe yale yamesuguliwa na miguu ya watu wengi mno. Yakilowa yanateleza kama sabuni. Novemba mvua zimepungua, jua ni la upole, na mto Yến unakuwa na mayungiyungi mekundu yanayochanua Oktoba na Novemba. Huo ndio wakati mzuri wa kuutazama.

Na kuna hesabu ambayo Muislamu asiiache. Kalenda yao ni ya mwezi kama yetu, lakini kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi wa 13 ili mwaka usiachane na jua. Kwa hiyo Tết haitoki nje ya Januari na Februari, wakati Ramadhani inarudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka. Miaka hii zimekutana. Mwaka 2026 Tết ilikuwa tarehe 17 Februari, 2027 ni tarehe 6 Februari, 2028 ni tarehe 26 Januari, na mara zote tatu Ramadhani inaandama ndani ya siku chache. Ukienda wiki za mwanzo za msimu katika miaka hiyo, utapanda mlima ukiwa umefunga.

Mwanachuo_Hanoi

Naongezea njia na fedha.

Chùa Hương iko Hương Sơn, upande wa Mỹ Đức, kiasi cha kilomita 60 kusini-magharibi ya katikati ya Hanoi. Kwa gari ni saa moja na nusu mpaka mbili. Basi la mji namba 75 linatoka kituo cha Yên Nghĩa mpaka Hương Sơn na ni la bei rahisi sana, lakini pamoja na kufika Yên Nghĩa kwenyewe linakula muda, na kwa mgonjwa wa magoti silipendekezi. Gari la kuita kwa simu lina tatizo la kurudi: kutoka mjini utalipata, kule kijijini jioni hulipati. Kodi gari la siku nzima pamoja na dereva, akusubiri bandarini.

Ondokeni saa 12 na nusu asubuhi. Safari za vikundi nyingi huanza kukusanya watu mahotelini saa 2, kwa hiyo zote zinafika bandarini na kwenye kebo kwa pamoja. Ukiwatangulia saa moja tu, mto ni wako na pango ni lako. Mpango wa siku unakuwa hivi: saa 2 na nusu mko bandarini Bến Yến, saa 3 na nusu hivi mnashuka Thiên Trù, hekalu la chini ya mlima, saa 4 na nusu mko pangoni, saa 6 mmerudi chini kula na kuswali, saa 8 mko majini kurudi, na saa 11 mko Hanoi. Novemba jua kule linazama saa 11 na robo hivi, msije mkangojea magharibi ya saa 12 ya kwetu.

Fedha: ukiwa na haraka, kata sifuri moja kwenye dong, fedha yao, upate shilingi yetu ya Tanzania. Si hesabu ya benki, ila iko karibu. Kiingilio miaka ya karibuni ni dong 120,000 (shilingi 12,000 hivi) na nauli ya mashua kwenda na kurudi ni dong 85,000. Kebo ina tiketi yake mbali, na ni ghali kuliko mashua. Uliza bei tena siku ya safari.

Tiketi zinunuliwe dirishani tu. Barabara inayoingia bandarini ina mapapasi wa pikipiki wanaofuata magari na kugonga kioo wakisema mashua zimekwisha au wana tiketi za bei nafuu. Mwambieni dereva mapema asisimame. Na soma neno lililoandikwa kwenye tiketi: iwe Hương Tích, ndilo jina la pango. Kuna njia nyingine za Long Vân na Tuyết Sơn zenye nauli ndogo zaidi, na mtu akishapandishwa mashua ya huko hafiki kwenye pango alilolifuata.

Noti: ya 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu na zote ni za plastiki. Mtu mwenye haraka hutoa 500,000 akidhani ametoa 20,000. Zitenganisheni mifuko kabla ya kutoka hotelini.

NahodhaMkokotoni

Kuhusu mashua, maana ndiyo sehemu ya kwanza ambayo bi mkubwa atakutana nayo.

Ni kama kihori cha bati, chini bapa, hakina tanga wala mirengu, na kwa kawaida hakina paa. Mpigaji makasia, mara nyingi mwanamke, anakaa nyuma akitazama mbele na anayasukuma makasia badala ya kuyavuta. Kwa kuwa chini ni bapa na maji yametulia, mashua haiyumbi ovyo, lakini mtu akisimama upande mmoja inalala mara moja. Kupanda: mguu ukanyage katikati ya sakafu, si ukingoni, na mkono ushike bega la mtu aliyekwisha kaa, si ubavu wa mashua, maana vidole hubanwa mashua zinapogongana gatini.

Mwendo ni kilomita nne hivi, dakika 50 mpaka saa nzima. Njiani husimama Đền Trình, hekalu dogo la kujitambulisha. Kwa imani yao, mwenye kuzuru hupita kwanza kumuarifu mwenye mlima kwamba amekuja. Asiyehusika anaweza kubaki ndani ya mashua akaangalia milima ya mawe ya chokaa. Hakuna atakayemlazimisha kushuka.

Mashua mliyokwenda nayo ndiyo mtakayorudi nayo. Zote zinafanana, ni bati na namba tu. Pigeni picha ya namba na ya mwenye mashua kabla ya kuachana naye Thiên Trù, na mkubaliane saa kwa kumwonyesha kwenye simu.

Bakhshishi: wanadai, na wakati mwingine makasia yanasimama katikati ya mto yadai kabla. Mwambie kwa upole "lúc về", yaani wakati wa kurudi, naye ataendelea. Mkishafika nchi kavu mpeni mkononi mwake mwenyewe, dong 50,000 kwa kila abiria ni heshima nzuri. Ile ni kazi ya mikono ya saa mbili kwa siku ambayo huenda asipate zamu nyingine.

Watu huichanganya safari hii na Tam Cốc au Tràng An, ambako baadhi ya wapigaji makasia hutumia miguu. Hizo ziko Ninh Bình, safari nyingine kabisa. Wakala akikuonyesha picha ya makasia ya miguu, hakuuzii Chùa Hương.

BintiChake

Allah awalipe kheri nyote. Novemba basi, Jumatano, nimeamua. Sasa magoti: tukipanda kebo kwenda na kurudi, ngazi zinazobaki ni ngapi? Nataka nimwambie bi mkubwa ukweli kabla hatujakata tiketi.

MtembezaWatu

Hapo ndipo mawakala wanapoficha. Kebo inaondoa njia ya miguu ya kiasi cha kilomita mbili za mawe kati ya Thiên Trù na pango, ambayo mtu mzima wa afya huipanda kwa saa moja au zaidi. Ina vituo vitatu: karibu na Thiên Trù, Giải Oan katikati, na karibu na pango juu. Lakini haiondoi ngazi za kutoka gatini kuingia Thiên Trù, haiondoi mwendo wa kutoka kituo cha juu, na haiondoi ngazi za pango lenyewe.

Pango la Hương Tích unaliingia kwa kushuka. Kuna vidato 120 vya mawe kutoka lango la juu mpaka kwenye mdomo wa pango. Mdomo wenyewe ni mpana mno, na watu wa kule wanauona kama kinywa cha joka. Jiwe kubwa lililosimama mlangoni, wanaloliita lundo la mchele, ndilo ulimi wake. Kushuka kunabana magoti kuliko kupanda, halafu vidato hivyohivyo 120 ndivyo vya kurudia juu. Vimepanuka na si vya wima sana, ila mguu unapokanyaga ukingo wa kidato uliolika, unakwenda.

Ushauri wangu: mpe bi mkubwa uamuzi akiwa pale langoni, siyo hotelini. Kutoka juu pango linaonekana vizuri, lenye kivuli cha miti pande mbili na moshi wa ubani ukitoka polepole chini. Akiona hawezi, akae pale kwenye benchi na wewe ushuke dakika 30 urudi. Akitaka kushuka, ashuke upande wa kulia karibu na ukuta, mkongojo mkono wa kushoto, kidato kimoja kwa miguu miwili. Mikongojo ya mwanzi huuzwa njiani, lakini nje ya msimu vibanda vingi hufungwa, kwa hiyo chukueni ya kukunja kutoka nyumbani. Viatu viwe vya mpira wenye meno. Ndara na makubadhi yaachwe hotelini.

Yakikataa magoti kabisa, Thiên Trù peke yake inatosha siku. Iliharibiwa wakati wa vita na Wafaransa ikajengwa upya, ina ua mpana, mnara wa kengele na mlima nyuma yake. Jina lake maana yake ni jiko la mbinguni.

Mwanachuo_Hanoi

Ndani ya pango, mkishuka: kwenye mwamba wa mlangoni kuna herufi tano za Kichina zilizochongwa mwaka 1770, zinazohusishwa na Bwana Trịnh Sâm, mtawala wa zama hizo, zenye maana ya "pango la kwanza chini ya mbingu ya kusini". Ndani kuna sanamu ya Quan Âm ya jiwe la kijani iliyochongwa 1793. Kisa chao ni cha binti mfalme Diệu Thiện aliyekataa kuolewa, akajitenga pangoni kwa ibada mpaka akawa huyo Quan Âm wanayemheshimu kwa huruma.

Mawe yanayoning'inia yana majina: la dhahabu, la fedha, la mvulana, la msichana, na moja linaloitwa titi la mama. Wanaotafuta watoto hukinga viganja chini ya tone la maji linalodondoka. Utamwona mwanamke amesimama kimya muda mrefu, mkono juu, akingojea tone moja. Msipite mbele yake wala msimpige picha. Hiyo ndiyo adabu kubwa ya pale, na inatosha kwa mengi.

Kwa mengine: bui bui na kanzu ni nguo za heshima, hamna wasiwasi. Mkipewa vijiti vya ubani na hamtaki, weka kiganja kifuani, inamisha kichwa kidogo, mpe aliye nyuma yako. Msivuke kizingiti kwa kukikanyaga, kivukeni. Watu wanaposujudu mbele ya sanamu, nyinyi simameni ubavuni, si katikati. Hakuna anayekukasirikia kwa kutoshiriki. Hukasirika mtu akicheka au akigeuza mgongo kwenye madhabahu ajipige picha. Kama bi mkubwa ana pumu, msikae ndani sana, moshi hauna pa kutokea.

UstadhWete

Mimi nitasema chakula na swala tu.

Pale Thiên Trù na bandarini kuna mikahawa mingi, na wakati wa msimu mbele ya baadhi yake huweza kutundikwa wanyama wazima waliochunwa. Bi mkubwa aambiwe mapema asije akashtuka. Neno la kutafuta ni "chay", chakula kisicho na nyama kabisa, na wenyeji wanaokwenda kuzuru wengi hula hicho. Msile "mboga" ya mkahawa wa kawaida kwa kudhani ni salama, kwani majani hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe mara kwa mara. Andika kwenye simu "Tôi ăn chay, không mỡ lợn", yaani nakula chay, bila mafuta ya nguruwe, uwaonyeshe. Wali mweupe, tofu na karanga za chumvi vinapatikana. Nje ya msimu mikahawa ya chay pale si ya kutegemea, kwa hiyo bebeni mayai ya kuchemsha, mikate na ndizi kutoka Hanoi, na maji lita moja na nusu kila mtu.

Vitamu vya pale ni vizuri kuvijua. Củ mài ni jamaa wa kiazi kikuu chetu cha Pemba. Hupikwa uji mtamu mzito. Unga wake unaouzwa vibandani mara nyingine huchanganywa na wanga mwingine, kwa hiyo uleni uji, unga muuache. Mơ ni tunda dogo chachu la jamii ya aprikoti, huuzwa limelowekwa kwa sukari. Uliza kwanza kama limelowekwa kwa pombe, maana aina hiyo ipo pia.

Swala: Hanoi adhuhuri Novemba huingia kabla ya saa 6 kamili. Kibla cha kwetu ni kaskazini, na mazoea hayo yanawaponza wengi. Kutoka Hanoi ni magharibi, kupanda kidogo upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 284 kwenye dira. Novemba jua linazama kusini ya magharibi, kwa hiyo ukilielekea jua la jioni utakuwa umekwenda kushoto mno. Swalini kwenye pembe ya mkahawa mliokula, kwa idhini ya mwenyewe, siyo ndani ya ua wa hekalu. Udhu ushikwe kwa chupa ya maji, maana vyoo vya pale vina foleni.

Kupunguza na kujumuisha: hesabu siku zako vizuri. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari imemkatikia. Siku tano ukitoa hizo mbili zinabaki tatu, basi wewe bado msafiri, na adhuhuri na alasiri unaweza kuzikusanya pale chini kabla ya kupanda mashua. Ukiongeza siku moja tu, unaswali kamili kila moja kwa wakati wake, kwani kilomita 60 hazifiki masafa ya kuirudisha ruhusa. Ikiwa hivyo, alasiri itaingia mko majini au njiani. Itawapasa kusimamisha gari.

Msikiti wa Hanoi ni mmoja, Al-Noor, nambari 12 mtaa wa Hàng Lược, uliojengwa 1890 na wafanyabiashara wa Kihindi. Uko mji mkongwe, na chakula cha halali hupatikana jirani yake. Chukueni chakula cha usiku hapo mkirudi.

BintiChake

Maelezo haya hata wakala hana. La mwisho: nimesikia Vietnam ndiko kwenye udi. Bi mkubwa ameagizwa na shoga zake wote. Vibanda vya kule ngazini vinafaa?

UstadhWete

Usinunue ngazini. Udi wa Vietnam, wanaouita trầm hương, ni wa mti wa Aquilaria, na mti huo uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo biashara yake ina karatasi. Nunua duka la mjini lenye risiti na uchukue kidogo cha matumizi ya nyumbani. Kupima: kipande halisi kikiwa baridi hakinuki sana, harufu inatoka kikishika moto. Kinachonuka kikali mkononi kimelowekwa mafuta. Kifunge kwenye karatasi nyeupe dakika kumi. Karatasi ikiwa na doa la mafuta, kirudishe.

NahodhaMkokotoni

Dada, jambo moja la mashua nililisahau. Mbao za kukalia hazina mgongo wala mto, na ni saa moja kwenda, saa moja kurudi. Bi mkubwa akae ubao wa katikati, miguu ameinyoosha mbele, asikae pua ya mashua ambako itabidi akunje magoti. Chukua kanga mbili, moja ikunjwe mara nne aikalie, ya pili ajifunike magoti, kwani asubuhi ya Novemba upepo wa mtoni una ubaridi, na goti lililopoa ndilo linalokataa kidato cha kwanza.